Beryl Markham: Binti wa Njoro Aliyeruka Dhidi ya Upepo

Mwaka huu nimeonelea niwaandikie maisha ya mtu ambaye jina lake halitajwi sana mitaani kwetu, ilhali aliishi miaka yake ya mwisho hapa hapa karibu nasi. Ukipanda matatu ya kwenda Ngong, ukishapita Dagoretti Corner, utauona upande wa kushoto uwanja mkubwa wa mbio za farasi. Kawangware iko upande mmoja wa barabara hiyo na Kibera iko upande wa pili. Ndani ya uwanja huo, katika nyumba ndogo aliyopewa na chama cha mbio za farasi, aliishi ajuza mmoja ambaye ujanani mwake aliiruka bahari ya Atlantiki peke yake, usiku, katika ndege ya injini moja. Jina lake ni Beryl Markham.

Nilipolitaja jina hilo katika mkutano wetu, wenzangu kadhaa walinung'unika. Walitaka kujua kwa nini nimwandike mzungu, tena binti wa setla, na mashujaa wetu wamejaa tele. Hoja yao si ya kupuuzwa, na nitaijibu kabla sijaweka kalamu chini. Kwa sasa niseme tu kwamba wavulana wa darasa letu hawachoki kubishana juu ya ndege za kivita. Kila sherehe za Jamhuri zikifika na ndege za F-5 zikapita angani kwa kishindo, wiki nzima darasani ni ubishi wa ni ndege gani inaweza kupinduka vipi. Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa. Kabla ya ndege kupinduka na kubingirika jinsi zinavyofanya siku hizi, palikuwa na watu waliojifunza kuanguka bila kufa. Beryl alikuwa mmoja wao.

UTOTO WAKE

Beryl Clutterbuck alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1902 huko Ashwell, Uingereza. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu hivi aliletwa Kenya, manake babake, Charles Clutterbuck, alikuwa amepata shamba Njoro. Maisha ya Njoro yalimshinda mamake. Mwaka uo huo wa 1906 akarudi kwao pamoja na kaka yake Beryl, naye Beryl akabaki na baba. Fikiria, msomaji: mtoto wa miaka minne, mama hayuko, baba anashinda kwenye zizi la farasi na kwenye kinu cha unga. Ni nani basi atakayemlea?

Alilelewa na watu weusi waliofanya kazi shambani. Alicheza na watoto wa Kinandi na Kikipsigis, akajifunza lugha yao pamoja na Kiswahili, akarusha mkuki, akaruka juu kama wavulana, akafuata wawindaji porini bila viatu. Rafiki yake mkubwa alikuwa mvulana aliyeitwa Kibii, ambaye baada ya kutiwa jandoni aliitwa arap Ruta. Mkumbuke huyu arap Ruta, kwa sababu tutakutana naye tena. Wakati mmoja simba aliyefugwa na jirani alimrukia Beryl na kumjeruhi mguu, lakini akaokolewa. Shuleni alikaa kwa muda mfupi tu, tena alifukuzwa. Hapo simsifu, na mwalimu wa zamu asidhani nawashawishi wenzangu.

Mwaka wa 1919, akiwa hata hajafikisha miaka 17, aliozwa kwa setla mmoja mwenye umri karibu mara mbili ya wake. Ndoa hiyo haikudumu. Kisha ukame ukaliangamiza shamba la Njoro, babake akafilisika na kuhamia Peru kutafuta maisha. Msichana akabaki Kenya na farasi wachache. Hakukaa chini kulia. Alichukua leseni ya kufunza farasi wa mbio akiwa na miaka 18 hivi, jambo ambalo mwanamke yeyote nchini hakuwa amelifanya kabla yake. Mwaka wa 1926 farasi wake aliyeitwa Wise Child, ambaye miguu yake ilikuwa mibovu hata watu wakamcheka, alishinda mashindano ya St Leger jijini Nairobi. Arap Ruta alikuwa pamoja naye zizini wakati huo wote.

KUJIFUNZA KURUKA

Siku hizo ndege zilikuwa kitu kipya Nairobi. Mwaka wa 1929 mama mmoja mjane, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni iliyoitwa Wilson Airways. Ni jina la mama huyo ambalo mwaka wa 1962 lilipewa ule uwanja wa ndege ulio ng'ambo tu ya Kibera. Wakazi wa Kibera wakati ule walikuwa hasa Wanubi, wazee waliopigana katika jeshi la King's African Rifles na kupewa sehemu hiyo ya msitu wakae na familia zao. Kwa hiyo wa kwanza kuzisikia ndege ndogo zikikohoa na kupaa walikuwa mababu wa baadhi yetu tunaosoma hapa.

Rubani mkuu wa kampuni hiyo aliitwa Tom Campbell Black. Huyu ndiye aliyemfunza Beryl mwaka wa 1931. Alikuwa mwalimu mkali lakini wa haki. Hakupenda kumwambia mwanafunzi kila kitu. Alimwacha aone mwenyewe jinsi ndege inavyokataa, mpaka ajue kuirekebisha. Mwaka huo huo Campbell Black alimwokoa Ernst Udet katika vinamasi vya mto Naili huko Sudan. Udet alikuwa Mjerumani aliyesifika duniani kwa michezo ya ndege. Aliweza kuiinamisha ndege yake hadi ncha ya bawa ikaokota kitambaa chini. Hebu ona jinsi dunia ilivyo ndogo!

Haikuwa kazi ya mzaha. Mwaka wa 1928 Maia Carberry, mwanamke wa kwanza kuwa rubani nchini, alikufa hapa Nairobi pamoja na mwanafunzi wake ndege ilipoanguka. Mwezi wa Mei 1931 rafiki yake Beryl aitwaye Denys Finch Hatton alianguka na ndege yake huko Voi. Beryl alikuwa amealikwa aende naye, lakini mwalimu wake alimshauri asiende, naye akasikia. Watu wengi humtaja Finch Hatton peke yake, na kaburi lake liko milima ya Ngong. Wachache humtaja Kamau, mtumishi wake, aliyekufa katika ndege hiyo hiyo. Mimi namtaja hapa.

Beryl hakurudi nyuma. Mwaka wa 1932 aliruka peke yake kutoka Nairobi hadi London katika ndege ndogo aina ya Avro Avian. Mwaka wa 1933 akapata leseni ya kufanya urubani kama kazi ya kulipwa, mwanamke wa kwanza nchini Kenya kuipata. Akabeba barua, dawa na abiria. Akawatafutia wawindaji ndovu kutoka angani, kisha akawadondoshea vijikaratasi vya kuwaonyesha kundi lilipo. Kazi hiyo ya mwisho leo ingempeleka mahakamani, na ingekuwa haki.

KUANGUKA NI MASOMO

Hapa naomba wenzangu wa fizikia wanivumilie, na wale walioacha fizikia wasifunge gazeti.

Ndege hushikiliwa na hewa inayopita juu na chini ya mabawa. Rubani akiinua pua ya ndege kupita kiasi, hewa ya juu ya bawa huvurugika, bawa linakosa nguvu na ndege inaanguka. Bawa moja likianza kuanguka kabla ya lingine, ndege huzunguka kama pia ikielekea chini. Mwili wa binadamu, ukiona ardhi inakuja, unataka kuvuta ile fimbo ya kuongozea ili pua iinuke. Kufanya hivyo ni kujiua. Dawa ni kusukuma fimbo mbele, pua iende chini zaidi, ndege ipate mwendo, ndipo uivute taratibu. Yaani lazima uielekee ile hatari ndipo uiponyoke. Jambo hilo halisomwi kitabuni tu. Ni lazima mtu alifanye juu sana, tena na tena, hadi mkono uzoee.

Mtu wa kwanza kuzungusha ndege duara zima la wima alikuwa Mrusi, Pyotr Nesterov, mjini Kiev mwezi wa Septemba 1913. Wakubwa wake hawakumpigia makofi. Walimfunga siku 10 kwa kuhatarisha mali ya serikali! Baadaye Mfaransa mmoja alipofanya vivyo hivyo na kushangiliwa dunia nzima, ndipo wakambadilishia Nesterov adhabu kuwa cheo. Tangu hapo marubani wamegundua mengi. Mwaka wa 1989 huko Paris, Viktor Pugachev alisimamisha pua ya ndege ya kivita aina ya Su-27 hadi ikapita wima, ndege ikiwa bado inakwenda mbele, kisha akailaza tena, mfano wa swila anayeinua kichwa. Siku hizi ziko ndege ambazo hata mdomo wa injini unageuzwa upande, ndege ikageuka pale ambapo mabawa yamekwisha kushindwa.

Lakini chuma kikiweza, je, mtu? Ndege inapokata kona kali, uzito wa kila kitu ndani yake huongezeka. Mwanafunzi wa kilo 50 akipigwa na nguvu mara sita, anakuwa kama ana kilo 300. Kichwa hakiinuki, mkono hauinuki, damu inakimbilia miguuni, macho yanaona giza, na mwishowe mtu huzimia. Rubani wa ndege za kivita huvaa suruali maalumu inayojaa hewa na kumbana mapaja na tumbo ili damu isishuke, naye hukaza misuli na kupumua kwa namna aliyofundishwa. Hata hivyo nguvu ikifika mara tisa, ndege inaweza kuendelea lakini binadamu yuko ukingoni. Asiyezoea hutapika mapema sana kabla ya hapo. Shika neno hilo, utaona lilivyoiokoa Nairobi.

KUIVUKA ATLANTIKI

Sasa turudi kwa Beryl. Kufikia mwaka wa 1936 Atlantiki ilikuwa imekwisha vukwa na marubani wakitoka Amerika kuja Ulaya, wakisukumwa na upepo. Lindbergh alifanya hivyo mwaka wa 1927, na Amelia Earhart mwaka wa 1932. Kwenda upande wa pili, kutoka Uingereza hadi Amerika, ni kupigana na upepo njia nzima. Hakuna mwanamke aliyekuwa amelifanya hilo peke yake.

John Carberry, tajiri wa Nyeri na mjane wa yule Maia tuliyemtaja, alimwazima Beryl ndege mpya aina ya Vega Gull. Ilikuwa ya mbao na kitambaa, na mwendo wake ulikuwa kama kilomita 240 kwa saa. Ubavuni ilikuwa na herufi za usajili VP-KCC, na hiyo K ilikuwa ya Kenya. Ndani yake palijazwa matangi ya ziada ya petroli, hata pa kujinyoosha hapakuwapo. Redio hakuwa nayo.

Tarehe 4 Septemba 1936, karibu saa moja jioni, alipaa kutoka Abingdon. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Mvua, mawingu, giza totoro, na chini yake bahari. Matangi yale hayakuwa na kipimo cha kuonyesha mafuta yaliyobaki. Ilibidi tangi moja liishe kabisa, injini izimike, ndipo afungue bilula ya tangi lingine gizani kwa kupapasa. Ilipozimika mara ya kwanza ndege ilianza kushuka. Pale ndipo somo la Nairobi lilipojibu mtihani. Hakuvuta pua juu. Aliisukuma chini, kuelekea bahari asiyoiona, huku mkono mwingine ukitafuta bilula. Ndege ilipoteza sehemu kubwa ya kimo chake, ikabakisha kama mita 100 hivi juu ya maji, ndipo injini ikashika tena. Wewe fikiria tu ukimya ule.

Aliruka usiku kucha na asubuhi yote. Alikuwa amekusudia kufika New York, lakini barafu iliziba njia ya hewa ya tangi la mwisho na injini ikaanza kukohoa. Akiwa tayari juu ya nchi kavu ya Kanada, alitafuta mahali pa kutua, akateremka palipoonekana kama uwanja. Kumbe ni kinamasi! Magurudumu yalizama, mkia ukainuka, pua ikajichoma matopeni. Beryl aliumia kichwa, lakini akatoka akitembea. Mahali hapo panaitwa Baleine, katika kisiwa cha Cape Breton, jimbo la Nova Scotia. Alikuwa angani kwa saa 21 hivi na amekwenda zaidi ya kilomita 4,000. Wavuvi wa huko ndio waliompokea. Siku chache baadaye New York ilimshangilia barabarani kama malkia.

Lakini baada ya dhiki faraja, na mara nyingine baada ya faraja dhiki. Tarehe 19 Septemba 1936, wiki mbili tu baada ya ushindi huo, mwalimu wake Tom Campbell Black alikuwa ndani ya ndege yake, chini kiwanjani Liverpool, hata hajapaa. Ndege ya jeshi iliyokuwa ikitua ikamgonga, akafa. Mtu aliyeokoa wengine jangwani na vinamasini, aliyeshinda mashindano makubwa ya London hadi Melbourne mwaka wa 1934, aliuawa akiwa ardhini.

KITABU, UMASKINI NA RISASI

Beryl alihamia Marekani, na mwaka wa 1942 kikachapishwa kitabu chake kiitwacho West with the Night, kuhusu utoto wake na urubani. Wako wanaodai kwamba mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, aliyekuwa mwandishi, ndiye aliyekiandika. Ubishi huo haujaisha mpaka leo. Wakati huo kilikuwa vita vya dunia na kitabu kikasahaulika.

Karibu mwaka wa 1950 alirejea Kenya na kurudia farasi. Farasi aliowafunza walishinda Derby ya Kenya mara sita. Baadaye uzee ukaja na pesa zikaisha, akabaki katika ile nyumba ndogo uwanjani Ngong Road. Wezi walimvunjia na kumpiga. Aliyepigiwa makofi na mji mzima wa New York sasa alikuwa hana wa kumtengenezea paa. Mwaka wa 1983 kitabu chake kilichapishwa upya huko California, kikapendwa sana, na zile pesa zikamsaidia siku za mwisho.

Lakini kabla ya hapo palitokea siku ambayo wazazi wetu na babu zetu hawaisahau. Ni Jumapili tarehe 1 Agosti 1982. Askari wa Jeshi la Wanahewa, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, walijaribu kupindua serikali ya Rais Moi. Waliteka kituo cha redio ya taifa. Huku mjini maduka yakavunjwa na risasi zikalia kila upande. Beryl, akiwa na miaka 79, aliingia garini mwake akaenda kula chakula cha mchana Muthaiga kama kawaida yake. Gari likapigwa risasi, akanusurika chupuchupu.

Siku hiyo hiyo kule Nanyuki waasi waliwalazimisha kwa bunduki marubani watatu, Meja David Mutua, Kapteni John Baraza na Kapteni John Mugwanja, wapae na ndege za kivita waje kupiga mabomu Ikulu na makao makuu ya GSU hapa Nairobi. Koplo mmoja alikaa kiti cha nyuma katika F-5 ili kuhakikisha amri inafuatwa. F-5 inaweza kwenda zaidi ya mwendo wa sauti, yaani karibu mara saba ya ile Vega Gull. Kutoka Nanyuki hadi Nairobi kwake ni dakika chache, si safari. Na Ikulu iko karibu sana na Kibera, mnajua wenyewe.

Marubani hao hawakuwa na bunduki, lakini walikuwa na elimu. Walijua kwamba koplo yule hajawahi kukaa ndani ya ndege ya aina ile. Wakasemezana kwa mawimbi ya redio ambayo waasi hawakuwa wakiyasikiliza, kisha wakaanza kuzipindua ndege, kuzipandisha, kuzitumbukiza na kuzikatisha kona, hata mlinzi wao akalemewa na uzito wake mwenyewe na kulegea. Mabomu wakayatupa katika msitu wa Mlima Kenya, wakarudi Nanyuki. Kwa hivyo wale wanaosema michezo ya ndege ni ya kuburudisha wageni katika sherehe tu, wajue kwamba siku moja michezo hiyo iliokoa maisha ya watu wa mji huu, huenda hata ya bibi na babu wa mmoja wetu. Kwa jumla mapinduzi hayo yalishindwa siku ile ile, ingawa watu wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Beryl Markham alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986 akiwa na miaka 83. Ilibaki mwezi mmoja tu itimie miaka 50 tangu alipopaa Abingdon.

NIMEJIFUNZA NINI?

Sasa ile hoja ya wenzangu. Ni kweli Beryl hakuwa malaika. Mwanawe wa pekee, Gervase, alimwacha alelewe Uingereza na jamaa za babake. Tena ardhi aliyokulia haikuwa ya babake kwa asili. Na linaloniuma zaidi ni habari ya arap Ruta. Wawili hawa walikua pamoja, wakawinda pamoja, wakawa na ujasiri ule ule. Beryl alipoacha farasi akaingia kwenye ndege, arap Ruta alimfuata. Aliisafisha ndege, akaitunza, akapanda kama abiria. Lakini leseni ilikuwa ya bibi. Tangu mwaka wa 1920 mwanamume Mwafrika alitakiwa kubeba kipande popote aendapo, hata akitembea kwa miguu tu hapa Nairobi, ilhali rafiki yake aliweza kuruka mpaka London. Si kwamba mmoja alikuwa na akili na mwingine hana. Mmoja alifunguliwa mlango, mwingine akafungiwa.

Kwa sababu hiyo nimeandika. Nikimsifu Beryl bila kumtaja arap Ruta nitakuwa nimesema nusu ya kweli, na nikimkataa kwa rangi yake nitakuwa nimelitupa somo zuri pamoja na aliyelifundisha. Wote wawili ni wa historia yetu.

Tena mlango ule haukufungwa milele. Mwaka wa 2014 Mkenya, Kapteni Irene Koki Mutungi, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuwa nahodha wa ndege kubwa aina ya Boeing 787. Hakuzaliwa na mabawa; alisoma. Sisi wasichana wa Kibera na Kawangware tunaoambiwa fizikia ni ya wavulana tulikumbuke hilo tunapochagua masomo. Nanyi wavulana mnaobishana juu ya Su-27 na F-5 wakati wa mapumziko, kani na mwendo ziko kwenye silabasi, na mtihani wa mwisho wa muhula uko karibu kuliko Jamhuri.

Jambo la mwisho. Maisha ya wengi wetu hapa yana siku za injini kuzimika. Karo inakosekana, nyumba inabomolewa, mzazi anaachishwa kazi. Siku kama hiyo mtu hutamani kufumba macho na kuvuta fimbo kwa hofu. Beryl alifundishwa aiangalie hatari yenyewe, aielekeze pua ya ndege huko, apate mwendo kwanza, na mkono usiache kutafuta bilula ya tangi la pili. Kwetu sisi tangi hilo huenda likawa ni mwalimu, au rafiki, au shangazi ambaye hatujamwomba msaada. Tumtafute kabla kimo hakijaisha.